Kofia ya Baraza

Niseme mwenyewe kabla jirani hajanitangulia: mimi ndiye niliyemvisha punda kofia ya hakimu.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya baraza. Hakimu alikuwa nyuma ya nyumba yake ananawa uso, na kofia yake nyekundu yenye shada jeusi ameitundika juu ya kijiti kando ya uzio wa minyaa. Uzio huo ndio uliotenganisha kwake na kwetu. Nilipitisha mkono, nikaichukua. Punda alikuwa wa mzee mchuuzi wa chumvi, mnyama mpole aitwaye Subira, ambaye hajawahi kumkatalia mtu jambo. Kofia ilikataa kukaa kwa sababu ya masikio, basi nikachukua kisu cha mama cha kukatia mboga nikatoboa matundu mawili. Ikakaa kama iliyoshonewa yeye. Sikulazimika hata kumswaga. Siku za baraza mzee wake humfunga pale mbele ya banda la baraza, penye kivuli, na njia alikuwa anaijua kuliko wadaiwa wengi.

Watu walikuwa wamekwisha kaa. Subira akatokea, shada linaning'inia juu ya jicho, akasimama mlangoni na kuangalia ndani kama mtu anayetafuta kiti chake.

"Leo kaja mapema!" mmoja akasema.

"Na leo kesi zitasikilizwa," mwingine akadakia. "Hamuoni masikio hayo?"

Walicheka mpaka wengine wakashika nguzo. Halafu Hakimu akaja, kichwa wazi, maji bado yanamtiririka shingoni. Alimtazama punda. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema, "Kofia ile ilitoka kwa Mtemi. Bila kofia hakuna baraza. Nendeni makwenu."

Kesi ya kwanza siku hiyo ilikuwa ya mjomba wangu, kaka yake mama. Alikuwa amekaa mahabusu siku kadhaa akiisubiri. Tarishi alimshika mkono akamrudisha ndani. Mama alikuwa mbele kabisa na chungu cha uji wa kaka yake. Akageuka, akapitisha macho kwa watu wote, akanikuta mimi. Alijua. Katika umati mzima mimi peke yangu nilikuwa nimeacha kucheka.

Sasa nimekwisha kujiaibisha, naomba nafasi nimwaibishe na Hakimu.

Hakimu wa baraza letu sikumpenda, na wala simpendi leo. Wako wanaosema alikuwa mtu mgumu kumwelewa. Mimi nilimwelewa tangu nikiwa sijavaa suruali, ndiyo maana simpendi. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye shingo ya kuku aliyemwagiwa maji, na sauti ya chini ambayo iliwafanya watu wainamie mbele kumsikiliza, na wakishainama yeye huwaona kama wamemsujudia. Kiti chake alipewa na Mtemi, chifu wetu. Kanzu alipewa na Mtemi. Na kofia, kama alivyosema, ilitoka kwa Mtemi siku ile alipowekwa, mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, aliyepiga makofi akiwa amevaa glavu.

Habari ya kofia ni lazima niieleze vizuri, maana bila hiyo hamtaelewa lolote. Yeye mwenyewe alijiwekea sheria kwamba akiwa na kofia ni baraza, akiwa hana ni mtu tu. Jioni alikuja kwetu kichwa wazi na kigae mkononi kuomba kaa la moto. "Dada, moto wangu umezimika," humwambia mama, na mama humpa. Hapo alikuwa mcheshi, hata alinifundisha kuita kware kwa midomo. Lakini ukimgusia kesi yako, hushika kichwa chake chenye mvi akasema, "Sina kofia. Mimi sijui kitu." Ukikutana naye kesho yake barazani na kofia, ukamkonyeza kama jirani, anakutoza faini ya kukonyeza.

Watu waliizoea sheria hiyo hata ikawa yao. Siku moja alisahau, akatamka hukumu ya mbuzi kabla hajavaa kofia. Mdaiwa, mkulima mmoja mwenye kichwa kigumu, akasimama akasema, "Mimi sijahukumiwa. Nimeongea na jirani tu." Wazee wa baraza, wale wawili wanaokaa kando yake kumshauri, walinong'onezana, wakasema mkulima ana haki. Hakimu akavaa kofia akarudia maneno yote tangu mwanzo, na mkulima akatoa mbuzi bila ubishi. Nakumbuka kila mtu alitoka pale ameridhika, hata mbuzi. Tulijiona watu wenye sheria.

Jingine ambalo wanaomsifu hawaachi kulitaja ni kibuyu. Alikwenda kila mahali na kibuyu chake cha maji. Hakula kwa mtu, hakunywa kwa mtu, hata kwa wakwe zake alikaa mlangoni akiangalia wenzake wanakula ugali wa mtama. Kisa: kila mtu ni mdaiwa wa kesho. Mtu mmoja alimpelekea jogoo mnono usiku wa kuamkia kesi. Asubuhi yake Hakimu alimfunga jogoo kwenye nguzo ya banda, akamwambia mwenyewe asimame aeleze watu wote huyo jogoo ana ushahidi gani. Jogoo aliwika kesi nzima. Kila mwenye jogoo akifungua mdomo kujitetea, jogoo naye anafungua wake.

Na mimi nilicheka, nikamsifu. Nilikuwa mdogo. Baadaye nilikuja kuona kwamba ingekuwa heri angekula kuku. Hakimu anayekula kuku, maskini naye anaweza kumnunua, maana kuku hapa kwetu hakuna asiyenaye. Huyu wetu hakuuzwa kwa kuku wala kwa ng'ombe. Alikwisha kununuliwa mara moja, kwa jumla, kabla sisi hatujafika sokoni.

Ushahidi wangu ni mjane wa mtama. Ng'ombe wa Mtemi waliingia shambani kwake wakaula mtama ukiwa umeanza kutoa masuke. Mjane akashtaki. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo, basi watu walijaa barazani mpaka nje. Hakimu akaenda shambani mwenyewe. Alipima kwato kwa vidole. Aliokota mavi akayavunja aone siku zake. Alimuuliza mchungaji maswali ya akili kweli kweli, mpaka mchungaji akajikanyaga. Wakati mashahidi wanaongea alikuwa na tabia ya kujichokonoa sikio kwa unyoya wa kuku, na ukiona ameutoa unyoya, ujue neno limemwingia. Siku ile aliutoa akauweka mezani, chini ya picha ya Malkia iliyokuwa na mjusi nyuma yake. Mjane akaanza kutabasamu.

Halafu akahukumu kwamba shamba limelimwa kwenye njia ya ng'ombe.

"Njia hiyo ilianza lini?" mjane akauliza. "Mimi nimelima pale tangu mume wangu yu hai."

"Ng'ombe wa Mtemi wakipita," Hakimu akamwambia kwa ile sauti yake ya chini, "hapo ni njia."

Sasa niambieni, alipima kwato za nini?

Alikuwa na misemo, akiitoa kama mtu anayegawa pipi. "Baraza halina haraka, mwenye haraka ni mkosaji." "Ukweli ni maji, lakini mtungi ni wa Mtemi." Na ule alioupenda kuliko yote, akiusema huku anacheka kidogo: "Mimi ni mdomo tu. Kichwa kiko kwa Mtemi." Watu wazima walikuwa wanatikisa vichwa kwa hekima. Mimi nilikuwa nawaza, kama kichwa kiko kwa Mtemi, ile kofia inakaa juu ya nini?

Aliwahi kuja shuleni kwetu. Mwalimu alimwalika atufundishe habari ya serikali na mabaraza, kwa sababu vitabu vilivyotoka kwa Waingereza vilieleza mabaraza ya kwao tu, yenye majaji wanaovaa nywele za kondoo. Tukasimama wote, "Shikamoo Hakimu!" akaitikia, akakaa, akaweka kibuyu miguuni. Akatuambia baraza ni mizani, mkubwa huku na mdogo huku, na mizani haimjui mtu. Alisema vizuri. Nikainua mkono.

"Hakimu, mtu akitaka kumshtaki Mtemi, anamshtaki kwa nani?"

Nje mbuzi wa shule walikuwa wanapigana vichwa, tukawasikia.

"Kwa baraza," akasema.

"Na baraza ni la nani?"

"La Mtemi."

Aliyeanza kucheka ni mwenzangu wa dawati la nyuma, mimi nilifuata tu. Mwalimu alikuwa amekwisha shika fimbo. Hakimu akainua mkono, akasema, "Mwache, Mwalimu. Swali lake ni zuri. Jibu ndilo baya."

Maneno hayo yalinishinda siku nyingi. Kumbe alijua! Nilikuwa nimemchukulia kama mtu asiyeona, kumbe macho anayo, ila hufumba kwa zamu. Na hadithi haiishii hapo. Alipomaliza akaaga, akatoka na kibuyu chake, na Mwalimu akanilaza juu ya dawati. Nililia kwa sauti ya makusudi, ya kufika mbali. Kupitia dirishani nilimwona Hakimu njiani. Alisimama. Alinisikia, hata shingo yake iliinama kidogo. Kisha akaendelea na safari yake.

Ukitaka picha yake yote, ni hiyo: swali ni zuri, na safari inaendelea.

Sasa mjomba. Mjomba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mwarabu, mtu wa utani, mwenye sindano midomoni na maneno yakipenya katikati ya sindano. Jumbe wetu wa zamani, mkuu wa kijiji, alipofariki, ikaja amri kutoka kwa Bwana Shauri kwamba safari hii watu wamchague jumbe wenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza. Wazee walisema ni mzaha, vijana wakafua nguo. Waliosimama ni wawili: mpwa wa Mtemi, na mjomba, aliyesema akiwa jumbe atapunguza siku za watu kulima shamba la Mtemi bure wakati mashamba yao yanamezwa na magugu.

Hapakuwa na karatasi. Kila mwanamume alisimama nyuma ya anayemtaka. Wanawake tuliambiwa tukae kando, nasema tuliambiwa kwa sababu nami nilifukuzwa nikakae na akina mama. Kutoka pale niliona yote. Mstari wa mjomba ulianzia dukani ukapita mti wa mnada ukashuka mpaka kisimani. Mstari wa mpwa ulikuwa na shemeji zake, wachungaji wa Mtemi, na mbwa mmoja aliyekuwa amemfuata bwana wake.

Mtu wa Mtemi akatembea, akatazama, akatangaza: mpwa ameshinda.

Mjomba akatoa sindano mdomoni. "Mzee," akasema, "hata kuku wangu anajua kuhesabu vifaranga. Hesabu tena."

Watu wakaangua kicheko, na kwa hicho kicheko akakamatwa. Kosa: kumdharau Mtemi mbele ya watu.

Mama alikuwa na tumaini, na lazima niseme lilikuwa tumaini la akili. "Waache wampeleke barazani," alisema akiwa anakoroga uji. "Kule watauliza alisema nini, na kwa nini alisema. Wakishauliza kwa nini, mistari itahesabiwa. Hakimu hali kuku wa mtu." Wanaume wa mstari mrefu walimwahidi watakuja wote kusimama tena, safari hii mbele ya kiti. Na siku ile walikuja kweli, nguo safi, wengine na viatu wamevishika mkononi visichafuke.

Ndiyo siku niliyomvisha punda kofia.

Nilifikiri namkomoa Hakimu. Kumbe nilimpa Mtemi juma zima na zaidi, mpaka kofia mpya ipatikane mjini Singida. Katika siku hizo askari wa Mtemi walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba jioni, hawapigi mtu, wanasalimia tu. "Bwana, siku ile ulisimama mstari gani?" Na bwana anajibu, "Mimi? Nilikuwa napita." Baada ya siku chache kijiji chote kilikuwa kinapita.

Baraza lilipokaa tena, waliokuja na viatu mkononi hawakuonekana. Alikuja mzee mmoja kiziwi aliyedhani ni mnada, na alikuja mchuuzi wa chumvi, kwa sababu, alisema, punda wake ametajwa katika jambo hili na hataki jina lake liharibike. Kofia mpya ilikuwa imeletwa na askari wa Mtemi asubuhi ileile. Hakimu aliiweka mezani mbele yake. Ilikuwa ng'aring'ari, shada halijazoea hata upepo. Tulijua ataivaa wakati wa hukumu.

Akamuuliza mchuuzi wa chumvi aliona nini.

"Mstari wa fundi ulifika kisimani," mchuuzi akasema. "Ninajua kwa sababu punda wangu alikosa pa kunywea. Ilibidi nimwombe mtu mmoja asogeze miguu."

"Na mstari wa pili?"

"Ule, Hakimu, punda aliupita bila kujua ni mstari."

Hakimu akautoa unyoya sikioni. Mama akanishika goti, akaliminya mpaka likaniuma. Mjomba akasimama akasema mambo yake kwa ufupi, bila utani hata mmoja, jambo lililoniogopesha. Alisema hakumtukana Mtemi, aliomba kuhesabiwa, na kama watu wameambiwa wachague, wahesabiwe, na wasipohesabiwa waende wapi kama si hapa.

Mjusi akatoka nyuma ya Malkia akachungulia.

"Mimi sikuulizwa nani alichaguliwa," Hakimu akasema. "Niliulizwa kama ulisema maneno yale. Ulisema?"

"Nilisema."

"Basi. Miezi mitatu."

Kofia ilikuwa bado mezani.

Mzee wa baraza wa kulia akakohoa. "Hakimu. Kofia."

"Nimeiona."

"Ivae basi, urudie."

"Kuna joto," Hakimu akasema.

Ulikuwa wakati wa kipupwe. Upepo wa asubuhi ulikuwa unakata masikio, na kila aliyekuwamo mle ndani alikuwa amejifunika blanketi mpaka puani. Hakimu akachukua kibuyu chake, akatoka, na kofia akaiacha palepale.

Ilichukua muda kidogo ndipo watu wakaelewa. Kisha tarishi, mtu asiyewahi kutoa neno lake mwenyewe tangu aajiriwe, akamfungua mjomba kamba ya mkono. "Mimi," akasema, "sijasikia baraza likisema kitu." Mjomba akatoka kwa miguu yake! Usiku ule kwetu alichinjwa jogoo. Watu wale wale waliokuwa wanapita walipita tena, safari hii kwetu, wakamwita mjomba Jumbe, wakala shingo na mabawa. Mchuuzi wa chumvi alimleta Subira naye, tukampa pumba. Mimi nilimsimulia kila mtu jinsi Hakimu alivyomchezea Mtemi, nikaiga ile "kuna joto," nikajifunika blanketi, wakacheka. Kwa usiku mmoja nilimpenda mtu yule. Nataka liandikwe na hilo.

Jua halijapanda juu ya minyaa, askari wa Mtemi wakafika. Mama aliwaeleza habari ya kofia. Aliwaeleza kwa heshima, hatua kwa hatua, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia.

"Mama," mkubwa wao akasema, "sisi hatuna habari ya kofia. Tuna habari ya miezi mitatu."

Wakamfunga mjomba kamba mkono uleule. Mama hakulia. Aliruka uzio, mama yangu mzima na kanga yake, akabisha kwa Hakimu. Mimi nyuma. Hakimu akafungua mlango, kichwa wazi.

"Kaka," mama akamwambia, "wanampeleka. Toka uwaambie haikuwa hukumu. Au nipe neno nimpelekee Bwana Shauri mjini. Neno moja."

Hakimu alitazama kamba pale njiani, akamtazama mama. Ninaapa midomo yake ilitikisika. Halafu mkono wake ukapanda taratibu, ukagusa zile mvi.

"Dada," akasema, "sina kofia."

Akafunga mlango polepole, bila kuubamiza. Ni mtu mstaarabu.

Hapo ndipo nilipomaliza hesabu zangu naye. Ile hila ya kofia ilikuwa tundu alilotoboa ukutani, ni kweli, lakini alilipima lipite roho yake tu. Mjomba hakuenea. Mama naye tangu siku hiyo hakutoa kaa hata moja kuvuka uzio. Jioni tulimwona Hakimu na kigae chake akienda mbali, kwa watu wasiomjua vizuri, akirudi na moto uliokwisha nusu.

Mjomba alivunja kokoto za barabara, akarudi amekonda, na kikohozi ambacho hakikuwa chake. Cherehani bado anaendesha. Mtu akimtania "Jumbe!" yeye hugeuka kuangalia nyuma, kuona nani anaitwa. Jumbe ni mpwa wa Mtemi, na siku za kulima bure zimeongezeka. Na Hakimu naye hakudumu. Mtu fulani alimfikishia Mtemi habari ya lile joto la kipupwe, akaondolewa kwenye kiti, akaletwa mwingine ambaye analala na kofia.

Nilimwona mara ya mwisho likizo iliyopita, natoka shule. Lori lilinishusha Misigiri, na yeye alikuwa amekaa kando ya barabara akisubiri la kwenda Singida, kibuyu miguuni, kichwa wazi chini ya jua kali. Alikuwa amezeeka upande mmoja zaidi ya mwingine. Ningeweza kupita. Lakini heshima ni heshima, nikasimama.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye wa punda."

"Ndimi."

"Yale matundu uliyapima vizuri," akasema. "Nilijaribu kuyashona, haikuwezekana." Akanisogezea kibuyu. Sikuwahi kumwona akimpa mtu maji, wala akipokea. Nikamwambia sina kiu, na ulimi wangu ulikuwa umenata.

Nilikuwa nimejiandalia maneno kwa muda mrefu, mengine makali sana. Yaliyotoka ni haya: "Si ungeivaa tu, useme hana kosa?"

"Ningefukuzwa."

"Umefukuzwa."

Akatikisa kichwa, akacheka kile kicheko chake kidogo, kisha kikamkauka. Lori lilikuwa linakuja, vumbi lake tunaliona. Akasimama, akajifuta kanzu, na ghafla akanishika begani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata wakati wa kware.

"Mwambie mama yako," akasema, "siku ile kofia niliiacha kwa makusudi. Yeye ajue hivyo. Wengine basi, lakini yeye ajue."

Nikamwambia nitamwambia. Alipanda lori, akakaa juu ya magunia ya vitunguu, hakuangalia nyuma.

Nilitembea mpaka nyumbani nikilirudia neno lake nisilipoteze. Nilimkuta mama uani anapepeta mtama, na mjomba amekaa jikoni anakohoa. Nikamsalimia, nikatua sanduku, nikamweleza kama nilivyoagizwa, bila utani wowote: kofia aliiacha kwa makusudi, na anataka wewe ujue.

Mama aliendelea kupepeta mpaka makapi yakaisha kwenye ungo. Kisha akasema:

"Kaka yangu hakufungwa na kofia, alifungwa na mdomo wa huyo bwana. Kalete kuni."